Ng'ombe Anaijua Chumvi, Shaba Haijui



Kabla sijasema lolote, naomba kitu hiki kipite mkono kwa mkono hadi nyuma. Ni ubavu wa mbuzi. Tazameni ncha zake: zimesagika, hazikuvunjwa. Mbwa huvunja mfupa akitafuta uboho. Aliyeutafuna huu hakuwa na haja ya uboho, wala hana meno ya mbele ya juu ya kuuvunjia. Ni ng'ombe jike mwekundu, ana ndama wa miezi miwili. Nilimkuta kando ya njia ya lambo, mate yanamchuruzika, mfupa umekaa pembeni mwa mdomo kama kiko cha mzee. Nilipomnyang'anya alinifuata hatua ishirini hivi, akiudai.

Wachungaji mnawajua ng'ombe wa namna hii. Mmewaona wakilamba kichuguu, wakitafuna ndala iliyotupwa, wakinusa majivu ya jikoni, wakigombea mahali mtu alipokojoa. Na wengi tumeshafika kwenye hitimisho lile lile: mnyama anajua anachokosa, basi tumwekee madini, atakula kadiri mwili unavyotaka. Neno hilo linapendeza masikioni. Wauza madini wanalipenda, nasi maofisa mifugo tumelipenda pia, kwa sababu linatupunguzia kazi. Leo nimekuja kubishana nalo.

Nianze na huo mfupa. Karibu na mji wa Vryburg, Afrika Kusini, kuna shamba liitwalo Armoedsvlakte. Kwa Kiafrikana maana yake ni uwanda wa ufukara, na aliyelipa jina hakukosea. Majani yalikuwepo, lakini ng'ombe wa sehemu zile walishikwa na ugonjwa ulioitwa lamsiekte: mnyama anaanza kutembea kama aliyekanyaga miiba, analala, shingo inalegea, anakufa. Arnold Theiler, daktari wa mifugo Mswisi aliyefika Transvaal mwaka 1891 na kuanzisha taasisi ya utafiti ya Onderstepoort mwaka 1908, alihangaika na maradhi hayo miaka mingi. Alidhani sumu imo katika mimea. Kumbe mzunguko ulikuwa mrefu kuliko hapo. Udongo ule una fosforasi kidogo mno, na majani yanayoota juu yake hayawezi kutoa kisichokuwemo. Ng'ombe, kwa njaa ya fosforasi, anaokota mifupa ya mizoga porini. Kwenye masalia ya mzoga mna sumu ya botulini, inayopoozesha misuli. Anakufa, naye anakuwa mzoga, na mifupa yake inamngoja mwenzake.

Walipopewa unga safi wa mifupa, hamu ile iliisha. Vifo vikapungua, na juu ya hayo ng'ombe wakaongezeka uzito na maziwa. Mwili wa ng'ombe ulikuwa umetambua upungufu, hilo silikatai. Lakini huko kutambua kulimpeleka wapi? Kulimpeleka kwenye sumu.

Sasa twende karibu na nyumbani, Bonde la Ufa, upande wa Nakuru, Kenya. Hapo walowezi wa mwanzo wa karne iliyopita walikuta nyasi za kijani zinazomtoa mfugaji mate. Lord Delamere, mlowezi aliyepata ardhi kubwa Njoro, aliona mifugo yake ikidhoofu juu ya kijani hicho kabla hajahamishia nguvu zake kwenye shamba la Soysambu. Ng'ombe walikonda, manyoya yakasimama, wakaacha kula wakiwa wamesimama kwenye malisho yanayowafika magotini. Ukiwahamisha, wanapona. Ukiwarudisha, wanaanza upya. Wakauita ugonjwa huo kwa jina la mji, Nakuruitis. John Boyd Orr wa Taasisi ya Rowett huko Aberdeen, ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO na kupewa Nobeli ya Amani mwaka 1949, ni mmoja wa walioyachunguza malisho ya Kenya katika miaka ya 1920 ili kujua yana madini gani na yamekosa nini.

Wakati huo dawa iliyosifiwa kwa maradhi ya namna hii, New Zealand na Australia, ilikuwa chuma. Ng'ombe alipewa mawe ya chuma yaliyosagwa, akapona, na kila mtu akaridhika. Ni mwaka 1935 tu ndipo watafiti wa Australia walipogundua kwamba chuma hakikuwa na kazi yoyote pale. Kilichoponya ni uchafu uliokuwemo ndani ya chuma: kobalti, kwa kiasi ambacho hata kwenye ncha ya kisu hukioni. Vijidudu vya tumbo kubwa la ng'ombe huitumia kobalti kutengeneza vitamini B12, na bila vitamini hiyo mnyama hawezi kuyageuza majani kuwa nguvu. Nakuru nako, kilichokuwa kinakosekana katika ule udongo wa majivu ya volkano ni hiyo hiyo kobalti.

Kwa nini nimewachosha na Nakuru? Kwa sababu ya jambo moja dogo. Ng'ombe aliyekosa kobalti haitafuti kobalti. Dalili yake ya kwanza ni kukosa hamu ya kula kitu chochote. Mwili ambao tumeambiwa unajua unachohitaji, ukipungukiwa na kitu hiki unafunga mdomo.

Je, kuna kitu ambacho ng'ombe anakijua kweli? Kipo. Ni chumvi. Mtafiti Derek Denton na wenzake, huko Melbourne, walitumia sehemu kubwa ya maisha yao kwenye swali hilo. Waliwafanyia kondoo upasuaji ili mate yao, yenye sodiamu nyingi, yatoke nje badala ya kurudi tumboni. Kondoo hao walipopewa maji ya chumvi walikunywa kwa kipimo kilichokaribia sana kile walichopoteza, mara nyingi ndani ya dakika chache. Hakuna aliyewafundisha. Njaa ya chumvi wamezaliwa nayo, kama ndama anavyozaliwa akijua chuchu iko wapi.

Na ina sababu. Ng'ombe mmoja hutoa mate lita 100 na zaidi kwa siku, na mate hayo yana sodiamu nyingi. Majani yetu ya bara yana potasiamu tele na sodiamu haba. Ndiyo maana tembo wa Mlima Elgon huingia gizani katika pango la Kitum na kuchimba ukuta kwa pembe zao, na wenyeji wa mlima ule waliingiza ng'ombe mapangoni humo humo. Ndiyo maana Katwe, magharibi mwa Uganda, ziwa dogo la chumvi limelisha mifugo ya nchi za jirani kwa vizazi.

Basi hili ndilo nililokuja kulisema. Ng'ombe anakuja kwenye hori kwa ajili ya chumvi. Fosforasi, shaba, zinki, seleniamu, kobalti, hivyo vyote ni abiria. Vinaingia mwilini kwa sababu vimepanda gari la chumvi. Fosforasi, mlivyoona kwenye mfupa, ina kanjaa kake pale inapopungua sana, lakini mpe ng'ombe huyo huyo dikalsiamu fosfeti peke yake kwenye bakuli, atanusa na kwenda zake. Magnesiamu ndiyo kabisa, ni chungu. Kwa hiyo chumvi ni chambo. Na kwa kuwa njaa ya chumvi ikishatoshelezwa mnyama huacha kulamba, chumvi ni breki pia. Mfugaji anayefahamu kwamba chambo na breki ni kitu kimoja, ameshaelewa nusu ya kazi.

Mimi sikufahamu. Nilipotoka chuoni nilipangiwa ranchi moja, jina lake tuliache. Nilikuta stoo imejaa mawe ya chumvi ya kulamba, yale mekundu yenye tundu katikati. Nikayatundika kila kona, nikaandika kwenye ripoti: ng'ombe wote wamepatiwa madini. Kila mwezi mawe yalipungua, nami niliagiza mengine kwa furaha. Msimu ule mimba zilikuwa chache na ndama walizaliwa wadogo. Mchungaji mmoja mzee, ambaye sidhani kama alinipenda sana, alinisindikiza siku moja baada ya mvua, akanionyesha mistari ya wekundu iliyotiririka kutoka kwenye jiwe hadi ardhini. Akasema, "Bwana mifugo, mawe yako yanaliwa na mvua."

Hata pasipo mvua, jiwe gumu humpa ng'ombe kidogo. Ulimi huchoka, foleni ni ndefu, kundi linaondoka, naye hataki kuachwa. Madini ya ungaunga huliwa kwa haraka na kwa usawa zaidi. Jiwe lina faida moja, halipeperuki na upepo. Ukiniuliza nichague, nachagua unga, hori na paa.

Sasa mizani. Mfuko wa madini huwa umeandikwa kiasi ambacho mnyama anatarajiwa kula kwa siku. Maandishi hayo ndiyo muhimu kuliko yote kwenye mfuko, na ndiyo tusiyoyasoma. Tuseme mfuko una fosforasi asilimia 12 na unataka ng'ombe ale gramu 60. Hapo atapata gramu 7 na kidogo za fosforasi. Ng'ombe wa kilo 300 anayenyonyesha huhitaji kama gramu 12 hadi 15 kwa siku, sehemu nyingine ataipata majanini, tumeelewana. Lakini akilamba gramu 20 tu, atapata gramu 2 na nusu hivi. Mfuko ni ule ule, bei ni ile ile, na mfugaji ataapa kwamba ng'ombe wake wanakula madini.

Hesabu ya kujua ukweli haizidi ile ya darasa la nne. Una ng'ombe 100, lengo ni gramu 60, kwa siku kundi linatakiwa kumaliza kilo 6. Mfuko wa kilo 50 uishe kwa siku 8. Andika siku uliyouweka. Ukiisha siku ya 4, wanakula mara mbili ya lengo na wewe unakula hasara. Ukifika siku ya 16 ndipo unaisha, wanapata nusu. Usitishwe na wiki ya kwanza: ng'ombe aliyekaa muda mrefu bila chumvi ataivamia kama mtu aliyetoka jangwani, halafu atatulia. Mpe wiki mbili tatu ndipo uhukumu.

Ukigundua wanazidisha, usikimbilie kuondoa hori. Ongeza chumvi ya kawaida kwenye mchanganyiko, breki ishike mapema. Au lisogeze hori mbali na maji. Kando ya lambo ng'ombe hupumzika, hucheua, hana kazi, na anayekosa kazi hulamba. Lipeleke kwenye malisho, mwendo wa dakika kumi au robo saa, ulaji utashuka. Na wakila kidogo, fanya kinyume: lilete karibu na maji au kivulini wanapolala mchana, changanya na mashudu ya pamba kidogo, pumba au molasi ili unga upate harufu ya chakula. Nimeona kundi likigeuka ndani ya wiki moja kwa kuhamisha hori tu.

Kuna kitu kinachowapiga chenga wafugaji wa Dodoma na Singida, nacho ni maji. Baadhi ya visima vyetu virefu vina maji ya chumvichumvi. Ng'ombe akinywa lita 30 za maji hayo, njaa yake ya chumvi imekwisha kabla hajafika horini. Utamwekea madini mazuri, atapita kama hakuona. Hapo chambo cha chumvi hakinasi tena, tumia mashudu. Na mfugaji wa huko akinunua madini kwa kufuata ushauri wa jirani yake wa Iringa anayenywesha mtoni, watagombana bure.

Halafu magadi. Najua hapa ukumbini kuna watu wa Longido na Monduli, na sitaki kuondoka na ugomvi. Magadi ya Ziwa Natron ni mali ya zamani, ng'ombe wanayapenda, na wanayapenda kwa haki kwa sababu yana sodiamu. Lakini hayana fosforasi ya kusaidia chochote, na mengi yana floridi kwa wingi. Tazameni meno yetu sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru. Floridi iliyotupaka rangi ya kahawia ndiyo inayoyala meno ya ng'ombe na kuvimbisha mifupa yake. Isitoshe, ng'ombe aliyeshiba magadi ni kama yule wa kisima cha Dodoma: hatakuja kwenye hori la madini.

Wazee wataniambia, mbona zamani hatukuwa na mifuko na ng'ombe waliishi? Ni kweli, na jibu lake ni miguu. Mwaka 1990 mtafiti Samuel McNaughton alieleza katika jarida la Nature jinsi nyumbu na swala wa Serengeti wanavyohamia nyanda za nyasi fupi wakati wa mvua, mahali ambapo majani yana madini mengi, hasa fosforasi, kuliko kule wanakokaa kiangazi. Udongo wa nyanda zile umelishwa na majivu ya volkano. Majike wanafika huko wakati wa kuzaa na kunyonyesha, wakati ambapo mahitaji yao ni makubwa kuliko wakati wote. Wafugaji walifanya vivyo hivyo. Kulikuwa na mwezi wa kupeleka kundi kwenye udongo wa chumvi, na kulikuwa na njia inayojulikana. Leo katikati ya njia hiyo kuna shamba la mtu, kijiji, hifadhi, uzio. Mfuko wa madini ni fidia ya safari iliyokatazwa, na kama fidia nyingi, huja pungufu.

Tena angalieni hao nyumbu wanaenda lini. Wakati wa mvua. Sisi twanunua madini lini? Kiangazi, tukiona mbavu. Kiangazi ng'ombe amekosa protini kwanza, majani ni makavu kama ufagio, na fosforasi utakayompa haina cha kujenga. Masika ndiyo wakati wa ujenzi: majani yamejaa, ndama ananyonya, mtamba anakua, na hapo ndipo upungufu wa fosforasi unapombana. Mwenye fedha ya mfuko mmoja kwa mwaka, anunue mvua zikianza. Najua ni vigumu kumnunulia dawa mnyama anayeng'aa.

Paa ni lazima. Pipa la mafuta lililopasuliwa kwa urefu, likalazwa juu ya magogo, na bati moja juu yake, linatosha. Toboa chini matundu ya kutolea maji. Msisitizo wangu kwenye matundu hauna mzaha: kama mchanganyiko una urea, mvua ikituama horini itaiyeyusha, na ng'ombe atakayeyanywa maji hayo anaweza kufa kabla hujamaliza kupiga simu. Mifupa ya kuokota msiisage wenyewe, mnaweza kusaga kimeta mkakipeleka kwenye kundi zima. Punda asiwe na nafasi ya kugusa chakula chochote chenye monensini, dawa ya kuchanganya kwenye lishe ya ng'ombe. Kondoo wasile madini ya ng'ombe, kwa sababu shaba inayomtosha ng'ombe hujikusanya kwenye ini la kondoo hadi siku moja anakojoa mkojo mwekundu na kufa. Hori moja halitoshi kundi kubwa, wenye pembe ndefu watalishika, na mitamba itasimama pembeni ikitazama.

Nimalizie na binti mmoja wa kidato cha tatu, mjukuu wa mfugaji jirani yangu. Kundi lao ni ng'ombe 34, lengo gramu 80, kwa hiyo kilo 2 na robo tatu hivi kwa siku. Babu yake alimpa kazi ya kupima kwa mizani ya kupimia kahawa na kuandika kwenye daftari la shule. Baada ya wiki tatu alinijia na daftari. Kilo 3.7 kwa siku. Kila ng'ombe alikuwa anakula gramu 109. Nikamwambia ongeza chumvi. Akaongeza. Ikawa 3.6. Nikamwambia sogeza hori. Akasogeza. Ikabaki pale pale. Mimi nilikuwa nimeishiwa, nikaanza kuilaumu mizani.

Yeye hakuilaumu. Jumamosi alipanda juu ya mti wa mgunga tangu asubuhi, na chupa ya chai. Ng'ombe walikuja, wakalamba, wakaondoka. Saa saba mchana mtoto anayechunga kondoo wa bibi yake, kondoo 40, alilala chini ya kivuli. Kondoo wakaelekea horini kwa mstari, bila kusukumana, kama watu wanaoijua benchi yao. Hori lilikuwa ni tairi lililolazwa chini.

Jioni ile tairi lilipandishwa juu ya magogo mawili, na chini likawekwa sufuria kuukuu la chumvi ya jikoni, la kondoo na ndama. Jumatatu nilipopita aliniletea daftari bila kusema kitu. Mstari wa mwisho ulisomeka: kilo 2.8. Chini yake ameandika kwa penseli: ndama hawafiki juu, nifanyeje?

Bado tunatafuta kimo cha gogo.